Foleni ya Mlango Mdogo wa Thornlaw

Sisi watu wa kaskazini mwa Uingereza tukitaka kupumzika, tunaacha nyumba yenye paa na maji ya moto, tunaenda kulipia ruhusa ya kulala chini. Mume wangu Darren aliyaita mambo hayo likizo. Mama yake, Mavis, aliyaita hewa safi. Mimi sikuyaita chochote, kwa sababu mimi nilikwenda Thornlaw kuomba kazi.

Mwezi Mei niliona tangazo kwenye ubao wa chuo ninakosoma historia kila Jumanne jioni, nikishatoka zamu yangu ya kuoka mikate dukani. Ngome ya Thornlaw ilikuwa inatafuta mtu wa kuwatembeza wageni kuanzia Septemba. Chini kabisa iliandikwa: Mfanyakazi atakaa nyumba ya langoni. Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mara sita. Tangu tuoane, miaka sita sasa, tunaishi chumba cha nyuma cha Mavis, chumba ambacho mpaka leo anakiita chumba cha cherehani. Binti yetu Elsie ana miaka mitano, na kwa sababu bibi yake hapendi kelele, alijifunza kunong'ona kabla hajajifunza kusema.

Nikaandika barua. Jibu likaja nyuma ya kadi ya Krismasi ya mwaka mwingine, ya mtu mwingine: Njoo Jumamosi, Agosti 16, saa tano kamili asubuhi. Mlango mdogo, upande wa bustani. Sipendi wachelewaji. Sahihi ilikuwa ya Ledi Araminta mwenyewe, mwenye ngome.

Kwa kuwa uwanja wa ngome hiyo hiyo hukodishwa kwa watu wenye mahema, Darren akasema, "Twende tukapige kambi pale pale. Mama tusimwambie mpaka upate." Nikakubali. Kesho yake akaniambia Mama naye anakuja.

"Umemwambia habari ya kazi?"

"Nimemwambia ni kambi tu."

"Na nyumba je?"

"Nitamwambia, mke wangu. Nangoja apate furaha kidogo."

Darren ni mtu mwema. Ubaya wa wema wake ni kwamba humkubalia yeyote aliyesimama karibu naye wakati huo.

Tulifika Ijumaa, mvua ikifika pamoja nasi. Getini palikuwa na ubao wa kanuni ishirini na mbili, zote zikianza kwa tafadhali. Tafadhali usiimbe. Tafadhali usianike nguo mahali zitakapoonekana kutoka ngomeni. Tafadhali usimlishe farasi. Tafadhali usimsalimie farasi. Majirani zetu walikuwa tayari wamezungushia mahema yao vitambaa vya mistari kwenye vijiti, eti vya kukinga upepo. Upepo wenyewe ni jirani. Mavis alikuwa amekuja na birika lake, mto wake na pazia la maua, na alipoona hema halina dirisha alikasirika kana kwamba mimi ndiye niliyelishona.

Jioni hiyo tulikaa chini ya turubai tukila soseji zilizoungua nje na kuwa mbichi ndani. Mavis hakuwa akitazama sahani. Alikuwa akiitazama ngome.

"Yumo mle sasa hivi, Ledi Araminta," alisema. "Anakunywa chai yake taratibu, kwenye kikombe chembamba mpaka unaona kidole upande wa pili."

"Bibi, naye anasikia baridi?" Elsie akanong'ona.

"Watu wa namna ile hawasikii baridi, kipenzi. Wamelelewa."

"Labda ni mtu wa kawaida tu, Mama," nikasema. "Mtu anaweza kumgongea mlango, wakaongea."

Mavis akanigeukia kwa huruma. Huruma yake ni mbaya kuliko hasira yake. "Janine, kipenzi. Kusoma Jumanne ni kuzuri, sikatai, kunakutoa nyumbani. Lakini kuna milango watu kama sisi hatuigongi. Tunapita mbele yake, tunasema imepakwa rangi nzuri, tunakwenda zetu."

Nikamtazama Darren. Darren akaigeuza soseji.

*

Jumamosi nilivaa sketi yangu ya kazini, nikamsuka Elsie nywele, na saa tano kasoro ishirini nikatoka naye kuelekea bustani ya ngome. Darren alinifuata nyuma na mwavuli. Tulipozunguka kona ya ukuta, nikasimama.

Mbele ya mlango mdogo palikuwa na foleni.

Haikuwa foleni ya watu watatu. Ilikuwa ya watu thelathini na zaidi, imenyooka kando ya waridi, ikapinda kwenye kisima, mkia wake ukaishia karibu na zizi la farasi. Watu walikuwa wamevaa makoti ya mvua, wengine wana taulo begani, mmoja kabeba trei tupu ya mayai. Na katika nafasi ya saba, juu ya kiti chake cha kukunja, alikuwa ameketi Mavis.

"Mmechelewa," alisema. "Mimi niko hapa tangu saa nne."

"Ni foleni ya nini, Mama?"

Watu wawili wakageuza vichwa. Mavis akashusha sauti. "Usiulize ulize. Kila mtu anajua."

"Wewe unajua?"

"Nimesimama, sijasimama?" Alikuwa ameketi.

Naomba nieleweke. Kwetu sisi, mtu akisimama peke yake, ni mtu kasimama tu. Wa pili akija kusimama nyuma yake, imeshakuwa foleni, na foleni ikizaliwa hakuna anayethubutu kuiua. Kuuliza inakwenda wapi ni kukiri kwamba wewe huelewi mambo, na mwenzako atakujibu kwa upole utakaokuuma mpaka Pasaka. Kwa hiyo kila aliyefika alijikunja mkiani, akapata sababu yake mwenyewe. Mwenye taulo aliamini ni maji ya moto. Mwenye trei aliamini ni mayai. Mama mmoja wa mji wa Leeds aliniambia, akiwa na uhakika wa mtu anayesoma gazeti, kwamba Ledi Araminta husalimiana na watu kila Jumamosi ya tatu.

Nikaenda mkiani. Ndiyo, nilikwenda. Nilikuwa na miadi yangu mfukoni, imeandikwa kwa mkono wa mwenye mlango, na bado miguu ilinipeleka nyuma ya mzee mmoja aliyevaa soksi ndani ya ndala. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto wetu akizaliwa hupimwa uzito, kisha hufundishwa kusubiri.

Saa tano kasoro kumi foleni haikuwa imesogea hata unyayo.

"Darren," nikasema, "kadi inasema hapendi wachelewaji."

"Labda hawa wote wameitiwa ile kazi."

"Yule mwenye taulo?"

Akafikiri. "Subiri kidogo. Itasogea."

"Na isiposogea?"

"Ukiruka foleni, Mama hatatusemesha mpaka Krismasi."

"Darren, unanitisha au unanibembeleza?"

Hakucheka. Elsie alikuwa amenishika kidole, akaninong'oneza, "Mama, ile nyumba ya langoni ndiyo ile yenye mlango wa bluu?" Sikujua kwamba alijua. Alikuwa ametusikia usiku, mle mle chumba cha cherehani, siku zote tulizodhani amelala.

"Ndiyo ile," nikasema.

"Mle mtu anaweza kupiga kelele?"

Saa tano kasoro mbili nikatoka kwenye mstari, Elsie akiwa amenishika kidole.

Nilianza na mzee wa ndala. "Samahani, nina miadi." Akanitazama kana kwamba nimemvua soksi. "Sote tuna miadi, binti," alisema, mwongo mkubwa. Nikaendelea. Samahani. Samahani sana. Samahani, nina kadi hapa. Watu wa kwetu hawakushiki mkono wala hawakutukani. Wanakohoa. Kikohozi kikaanzia nyuma kikanifuata mbele kama moto wa majani makavu. Mwanamke wa Leeds akamwambia mumewe, kwa sauti ya kunipitia juu ya kichwa, "Wengine wana haraka kuliko wengine, Norman." Norman akasema, "Inaonekana." Kwetu hayo ni matusi ya kupelekana mahakamani.

Nikafika nafasi ya saba.

"Janine," Mavis alisema bila kufungua meno, "rudi nyuma."

"Siwezi, Mama. Nimeitwa."

"Rudi. Watu wanatazama."

"Wanatazama tangu nizaliwe."

Mwanaume aliyekuwa nafasi ya nane akainama. "Mnajuana, bibi?"

Mavis akanyoosha mgongo, akafunga kifungo cha juu cha koti lake. "Mtoto namjua," alisema. "Huyu mwanamke simjui."

Nilitegemea kuumia. Badala yake nikaona njia nyeupe. Mtu ambaye hajulikani anaweza kufanya lolote. Nikampita, nikawapita watano waliobaki, nikafika kwa mtu wa kwanza kabisa, mwanaume mwenye kofia nyekundu aliyekuwa amenyanyua simu yake hewani kama mtu anayeapa.

"Samahani," nikamwambia, "najua uko mbele yangu, lakini..."

"Mbele ya nini?"

"Ya foleni."

"Foleni gani?" Akageuka. Akaona watu thelathini na macho sitini. Uso ukampauka. "Mungu wangu. Hawa wanataka nini?"

"Wewe hukusimama hapa kusubiri?"

"Nimesimama hapa kutafuta mtandao! Hapa tu ndipo unaposhika. Nasikiliza kriketi."

Tulitazamana. Nikanyanyua mkono kugonga mlango. Na hapo yule bwana, ambaye sekunde tatu zilizopita hakujua kwamba kuna foleni duniani, akanigusa bega kwa upole. "Hata hivyo," alisema, "kama ipo, mimi ndiye wa kwanza."

Nikagonga.

*

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Jicho likanitazama, kisha mkono ukatoka, ukanivuta mimi na Elsie ndani, mlango ukapigwa komeo.

Ledi Araminta alikuwa na kama miaka sabini, mrefu, na sweta lake lilikuwa na mashimo mengi kuliko sufi. Kiunoni alikuwa amejifunga kamba ya kufungia majani ya farasi. Jikoni mwake mvua ilikuwa inadondoka katika ndoo tatu, kila moja kwa sauti yake, na mbwa wawili walikuwa wamelala juu ya meza. Alikuwa anakunywa chai kwenye kopo la jamu.

"Ni vyoo?" alininong'oneza.

"Samahani?"

"Wamekuja kunilalamikia vyoo. Nimekaa chini ya dirisha saa nzima. Baba yangu alikabiliana na Wajerumani, lakini Wajerumani hawakupanga mstari. Wanataka nini?"

"Hawajui, Ledi."

"Upuuzi. Watu hawawezi kusimama mvuani saa nzima bila sababu."

"Wanaweza. Walimwona mtu kasimama."

Akafikiri, na nikaona amenielewa, maana naye ni wa huku huku. "Na wewe?"

Nikampa kadi yake. Akaisoma pande zote mbili, upande wa Krismasi kwa makini zaidi.

"Ah. Yule wa barua. Barua nzuri. Umesomea wapi?"

"Chuo cha mjini, Ledi. Jioni, baada ya kazi."

"Jioni! Ajabu. Sisi jioni tulikuwa tunakula." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesikia kwamba kuna samaki wanaopanda miti. "Ni hivi, binti. Juzi nimempa neno la kazi hii mtoto wa rafiki yangu, Perdita. Hajui historia, lakini tunawajua watu wake."

Wiki kumi na moja nilikuwa nimeipanga nyumba ile kichwani, kitanda cha Elsie hapa, meza yangu pale. Kumbe nilikuwa nimekuja kusimama kwenye foleni ambayo mtu wa kwanza alishapita kwa mlango mwingine, bila samahani hata moja, na hakuna aliyekohoa.

"Ulimpa neno, Ledi, au ulimpa kazi?"

Akakunja uso. Kwao na kwetu hakuna anayeuliza hivyo. "Kwani kuna tofauti?"

"Mimi ni mwoka mikate. Unga si mkate."

Nje kukatokea kikohozi kirefu cha pamoja. Ledi Araminta akaruka. "Waondoe," alisema. "Waondoe hao watu kwanza, halafu tutaongea unga."

Nikasimama na komeo mkononi. Kama ningewaambia hakuna kitu, wasingeondoka. Mtu wa kwetu aliyesubiri saa nzima huwezi kumwambia amesubiri bure. Atabaki pale mpaka giza ili akuonyeshe kwamba alikuwa na sababu. Nikafungua mlango, nikapanda juu ya jiwe la kupandia farasi, na Elsie akasimama chini yangu.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "samahani sana kwa kuwachelewesha. Ziara ya ngome inaanzia hapa."

Pumzi ikawatoka wote kwa pamoja.

"Nilikwambia, Norman," alisema mwanamke wa Leeds.

"Uliniambia ni kusalimiana."

"Ni kitu kimoja!"

Mwenye trei ya mayai akaificha nyuma. Mwenye taulo akaivaa shingoni kama skafu. Na bwana wa kofia nyekundu akazima kriketi yake, kwa kuwa alikuwa wa kwanza na heshima ina gharama zake.

Nikawapeleka. Hakuna aliyenifundisha njia, lakini ramani ya Thornlaw nilikuwa naijua kuliko jiko la Mavis. Nilianza na unene wa kuta, na nikaona macho yao yanaanza kutafuta vyoo. Basi nikaacha kusoma kichwani, nikawasimulia kama ninavyomsimulia Elsie.

"Huu uwanja mliopiga mahema," nikasema, "ndipo walipokuwa wanafichwa ng'ombe wa wizi. Wenye ngome hii walikuwa wezi. Si wezi wa kujificha. Wezi wenye mihuri. Usiku mmoja, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, walileta hapa ng'ombe mia moja. Walivuka mpaka usiku, wakaiba kwa Waskoti, na Waskoti wakaja wakaiba kwao, na Jumapili wakakutana kanisani wakaulizana hali. Bwana akikaa nyumbani muda mrefu akinenepa, mke wake humwekea mezani sahani kubwa iliyofunikwa. Akifunua, hakuna nyama. Kuna hatamu ya farasi. Maana yake: nyama imekwisha, baba, nenda kaibe."

Walicheka. Si kile kicheko chetu cha puani, walicheka wakashikana. Mzee wa ndala akasema, "Mke wangu hunipa orodha ya duka, ni hiyo hiyo." Elsie alicheka kwa sauti, ikagonga ukuta ikarudi, naye akashtuka, akajiziba mdomo, akanitazama. Nikamtikisia kichwa kwamba haidhuru. Akacheka tena, makusudi.

Nilimwona Mavis katikati ya kundi, kiti kikiwa kwapani. Alikuwa hacheki. Alikuwa akiwahesabu waliokuwa wakicheka. Alipofika idadi iliyomtosha, akamgeukia yule mwanaume wa nafasi ya nane.

"Huyo ni mkwe wangu," alisema. "Anakaa kwangu. Mimi ndiye niliyempa moyo wa kusoma."

Tuliporudi bustanini, Ledi Araminta alikuwa amesimama mlangoni. Watu wakafungua njia. Mavis akapiga goti kidogo mbele ya lile sweta, nusu ya goti, kisha akaona kamba kiunoni, likabaki hewani.

"Dirisha la ngazi liko wazi," Ledi Araminta aliniambia. "Nimesikia yote. Umewaita babu zangu wezi."

"Ndiyo, Ledi."

"Mbele ya watu wa Leeds."

"Ndiyo, Ledi."

"Perdita asingethubutu." Akatazama kundi lile lililolowa, uso mmoja mmoja, kila uso bado na kicheko. "Ulisema waliiba ng'ombe mia moja usiku ule wa Mikaeli."

"Kitabu kinasema tisini na sita. Nilizidisha kidogo."

"Mia tatu," alisema kwa uchungu. "Familia yangu siku zote imesema mia tatu. Kama utafanya kazi hapa, usitudhalilishe."

Hapo ndipo mtu wa kwetu huinamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake kulala na maswali yake. Sikuinamisha. "Na nyumba ya langoni?"

"Inavuja."

"Hata tunakokaa kunanivujia, Ledi, tena ndani ya kichwa."

"Kunguru wamejenga kwenye bomba la moshi. Ina vyumba viwili tu. Ufunguo uko kwa mtu wa farasi. Chukua kabla sijamkumbuka mama yake Perdita."

Mavis alikuwa ameshafika ubavuni kwangu. "Nyumba gani?" aliuliza. "Darren, nyumba gani?"

Darren alikuwa na mwavuli uliofunguliwa na mvua imekwisha. Akatazama mbingu, akatazama mama yake, akanitazama mimi, na kwa kuwa sote wawili tulikuwa karibu naye sawa sawa, hakujua amkubalie nani.

"Tunahama, Mama," nikasema. "Septemba. Utarudishiwa chumba chako cha cherehani."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Kisha nikaona macho yake yakipanda ukutani, yakapita juu ya waridi, yakatua kule langoni kwenye mlango wa bluu, yakaanza kupima.

"Kuishi ngomeni," alisema polepole. "Vyumba vingapi, kipenzi?"

"Viwili, Mama," nikasema. "Vinatutosha."